Subira ya Mtoto ni Deni la Mkubwa

Mtoto wa darasa la pili akishafungwa njuga miguuni, hana tena pa kuificha papara yake. Akihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, zinalia. Akijikuna goti, zinalia. Ngoma haijapigwa, safu nzima imesimama, wazazi wako kimya chini ya miembe, na mlio wa njuga moja tu unatosha kumjulisha kila mtu ni nani ameshindwa kungoja. Kisha ngoma inaingia, miguu yote inatua pamoja, na sauti ileile iliyokuwa kosa punde hivi inageuka kuwa uzuri. Swali linalozaliwa hapo ni la zamani, na dini na falsafa zimelihangaikia kwa karne nyingi: mtoto huyu aliyejizuia, nguvu ya kujizuia ameipata wapi? Je, ni mali ya moyo wake peke yake, kitu alichozaliwa nacho au alichonyimwa, au kuna watu wengine wanaoishika pamoja naye? Nasema kuna watu wengine. Nusu ya subira ya mtoto ni yake. Nusu nyingine ni neno la mkubwa, na neno hilo likivunjika, mtoto hana cha kusubiri.

Bujora ni mahali pazuri pa kulipima dai hili. Katika kilima hiki kilicho karibu na Kisesa, wilayani Magu, mashariki mwa jiji la Mwanza, Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya ngoma, vifaa vya watemi na habari za mila. Likajengwa kanisa kwa mfano wa msonge wa Kisukuma, na kazi hiyo ikazaa Makumbusho ya Wasukuma. Hapo ndipo hufanyika Bulabo, sherehe inayoambatana na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, kwa kawaida mwezi wa Juni. Makundi mawili, Bagalu na Bagika, ambayo asili yake inarejeshwa kwa waanzilishi wao Gumha na Ngika, hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Asiyejua atadhani mashindano ya namna hiyo ni shule ya fujo. Mtazame mchezaji: anawaona watazamaji wake wakianza kusogea upande wa pili, moyo unamwambia aharakishe ili awarudishe, lakini akiharakisha anaiacha ngoma nyuma, safu inavunjika, na hata waliobaki wanaondoka. Mcheza nyoka aliyejitwika chatu mabegani hutembea kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa pomoni. Na bugobogobo, ngoma ya majembe, imetoka shambani kabisa: watu wamejipanga, mdundo unawaongoza, majembe yanapanda na kushuka pamoja, hodari hamkimbii dhaifu na dhaifu haachwi nyuma. Kujizuia kwa namna hii si kukaa bila kufanya kitu. Ni kufanya kitu kwa wakati wake, pamoja na wenzako.

Lugha yetu yenyewe inaelekeza huko. Neno ambalo Biblia ya Kiswahili imelichagua kwa fadhila hii ni kiasi, nalo ndilo la mwisho katika tunda la Roho ambalo Mtume Paulo aliwaorodheshea Wagalatia. Kiasi ni neno la sokoni. Tunauliza kiasi gani, tunakula kwa kiasi, tunamlaumu aliyepita kiasi. Ni kipimo, na kipimo hakiwi kipimo kwa mtu mmoja: muuza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba hawezi kuamka asubuhi akalipunguza sado lake kwa uamuzi wake na bado akaitwa mwaminifu. Sado ni sado kwa sababu soko zima limelikubali. Ndivyo ilivyo kwa kiasi cha moyo. Mtoto hajui kwa kuzaliwa ni muda gani unatosha kungoja, ni hasira kiasi gani inastahili kwa mpira ulionyang'anywa, ni finyango ngapi ni haki yake. Anapimiwa na waliomzunguka. Waislamu wa Mwanza wanalijua jambo hilohilo kwa njia ya saumu. Mtoto ambaye hajabalehe hawajibiki kufunga, lakini nyumba nyingi humruhusu ajaribu nusu siku, na baadaye siku nzima. Anaweza kwa sababu nyumba nzima imefunga, na kwa sababu anajua pasipo shaka kwamba adhana ya magharibi italia na futari itakuwa imetengwa. Uondoe uhakika huo, na funga ya mchana inabaki kuwa njaa tu.

Wataalamu wa saikolojia walichukua muda mrefu kufika hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuwaweka watoto wa shule ya awali mbele ya peremende moja na kuwaambia kwamba atakayengoja mpaka mkubwa arudi atapewa mbili. Miaka ilipopita, ikaonekana kwamba waliongoja walielekea kufanya vizuri zaidi shuleni, na dunia ikashika habari hiyo kwa mikono miwili: mtoto mwenye nguvu ya ndani atafika, asiye nayo hatafika. Wazazi wengi bado wanaiamini kwa namna hiyo. Lakini mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walirudia uchunguzi kwa watoto wengi zaidi, na walipozingatia hali ya nyumbani, uhusiano ule ulipungua sana. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2013, Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walikuwa wamefanya jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Kabla ya jaribio la peremende, waliwaahidi watoto vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Kundi moja lililetewa. Kundi la pili liliambiwa samahani, havipo. Ndipo jaribio likaanza. Walioona ahadi ya kwanza ikitimizwa walingoja kwa wastani dakika 12. Walioona ikivunjwa, dakika 3. Hawakuwa watoto wa tabia mbili tofauti. Walikuwa watoto waliotendewa tofauti muda mfupi kabla, basi. Yule aliyekula peremende mapema hakuwa mlafi. Alikuwa amepiga hesabu sawasawa.

Afrika nayo imo katika ushahidi huu. Bettina Lamm na wenzake waliwalinganisha watoto wa miaka minne wa Wanso, jamii ya wakulima wa kaskazini-magharibi mwa Kamerun, na watoto wa tabaka la kati wa Ujerumani. Karibu saba kati ya kumi wa Wanso walingoja mpaka mwisho. Kwa Wajerumani walikuwa karibu watatu kati ya kumi. Atatokea wa kusema kwamba huo ni utii tu, kwamba mtoto wa Kinso ameambiwa akae naye amekaa. Sikubali kwamba hayo ni maelezo yote. Mtoto huyo amekulia katika nyumba ambamo ana nafasi yake, chini ya wakubwa na juu ya wadogo, na anajua kwamba nafasi hiyo ina zamu yake na fungu lake. Mwenye uhakika wa zamu hana haja ya kusukumana. Na tusiende Kamerun kutafuta tulichonacho uani. Viazi vitamu vikivunwa Usukumani, sehemu yake hukatwa vipande na kuanikwa ikawa michembe, au huchemshwa kwanza ndipo ikaanikwa ikawa matobolwa. Mtoto anasaidia kumenya, anasaidia kuanika, anafukuza kuku. Anaviona vikikauka juani na kutiwa ghalani, naye tumbo linamwambia lake. Miezi inapita. Unapofika msimu wa ghala kupungua, kile alichoambiwa asiguse kinarudi chunguni, na mama anampakulia. Hapo mtoto amejifunza jambo ambalo hakuna hotuba ingemfundisha: kilichowekwa hakikuibwa. Kimerudi.

Ninasikia pingamizi la kwanza, na ni la watu ninaowaheshimu. Watasema maneno yote haya ni laini mno, kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na kwamba hata kitabu cha Mithali kinaitaja fimbo. Watasema vizazi vilivyotangulia vilinyooshwa kwa kiboko na vikawa na adabu. Sina ugomvi na adhabu kama adhabu. Mtoto asiyewahi kukutana na matokeo ya kosa lake amedhulumiwa. Lakini tuulize fimbo inafundisha nini hasa. Inafundisha kumwogopa aliyeishika. Akiondoka, funzo linaondoka naye, na kila mwalimu anajua darasa linavyolipuka akigeuka kwenda ofisini. Kanuni za nchi hii zimeweka kikomo cha viboko vinne shuleni, tena kwa idhini ya mwalimu mkuu, na zilipoweka kikomo zilikiri kwamba fimbo yenyewe inahitaji kiasi. Sasa mfikirieni mvulana wa Kisukuma anayepelekwa machungani. Yuko peke yake na ng'ombe kumi, na upande wa kulia kuna mpunga wa jirani. Hakuna fimbo juu ya mgongo wake. Fimbo iko mkononi mwake. Usingizi unamjia, kivuli kinamwita, wenzake wanaogelea. Akijizuia, hajizuii kwa hofu ya anayemtazama, maana hatazamwi na mtu. Anajizuia kwa sababu amekabidhiwa. Ameaminiwa kabla ya kuthibitisha kwamba anaaminika, na kuaminiwa huko ndiko kunakomshikilia. (Kwamba machunga yamewanyima watoto wengi darasa ni kweli chungu, wala sitaki turudi huko. Lakini kanuni iliyomo inaweza kuhamishwa: kuku watatu wanatosha, mche mmoja wa mpapai unatosha, ufunguo wa nyumba unatosha.)

Pingamizi la pili lina uzito wa kidini zaidi. Ngoma huwasha, haizimi. Wamisionari wengi wa zamani waliogopa ngoma za wenyeji kwa sababu hiyohiyo, na hata leo wapo wahubiri na wazazi wanaoona kwamba siku ya sherehe shuleni ni siku ya watoto kuharibika: kelele, soda, spika inayopasua masikio, masomo yamepotea. Hofu hiyo si ya kubezwa. Mashindano ya Bagalu na Bagika yenyewe yana historia ya dawa za kuvuta watu na za kumshinda mpinzani, na tamaa ya kushinda inaweza kumlevya mtu bila pombe. Ila tazameni alichofanya Padre Clement. Hakuzima ngoma ili alete adabu; aliiweka ngoma ndani ya sikukuu yenye saa yake, maandamano yake na mwisho wake. Msisimko ukapewa mwanzo na kikomo. Nadhani aliona kwamba moyo usiowahi kuwashwa haujifunzi kujizuia, kama vile asiyepanda mtumbwi hajifunzi kupiga kasia kwenye mawimbi. Mtoto anayefungiwa ndani mbali na kila msisimko hana kiasi, ana ukuta. Siku ukuta ukianguka, na utaanguka, hana kitu mkononi. Anayetoka kwenye mazoezi ya wiki nne ya ngonjera amekuwa akiwashwa na kutulizwa kila alasiri. Mathias Mnyampala alipoikuza ngonjera baada ya Azimio la Arusha, aliijenga juu ya majibizano: mmoja anasema, mwenzake anangoja, kisha anajibu kwa mizani ileile. Mtoto aliyeshika nafasi ya pili ana jibu kwenye ncha ya ulimi na hana ruhusa ya kulitoa mpaka mwenzake amalize ubeti. Sijui zoezi lililo bora zaidi kwa mtoto mwenye domo.

Pingamizi la tatu ndilo gumu kuliko yote, na mwanafalsafa ndiye atakayelitoa. Kama subira ya mtoto inategemea neno la watu wengine, basi si fadhila yake. Akihamia kati ya wasiotimiza ahadi, ataivua kama shati. Na je, tukimtegemeza mno, hatumfanyi tegemezi? Aristotle alitofautisha watu wawili: anayetamani vibaya lakini anajizuia kwa kushindana na nafsi yake, na yule ambaye matamanio yake yenyewe yamekwisha kulainishwa hata yanataka yaliyo mema. Alimweka wa pili juu, na akasema mtu hufika huko kwa kuzoezwa tangu utotoni, kwa kutenda mema kabla hajaelewa kwa nini ni mema. Kuzoezwa maana yake yupo anayemzoeza. Hakuna anayejizoeza mwenyewe akiwa na miaka mitano. Paulo naye, katika waraka kwa Warumi, aliungama kwamba jema analolitaka halitendi. Mtu mzima, mwanachuoni, mtume, na nia yake peke yake haikumtosha. Kama haikumtosha yeye, kwa nini tumdai mtoto wa darasa la kwanza? Na kiasi alikiita tunda. Tunda ni la mti wenyewe, hakuna anayesema mwembe unajidanganya kuliita embe lake. Lakini hakuna mwembe uliozaa bila udongo na mvua ambavyo haukujitengenezea. Kutegemea si kinyume cha kuwa huru. Aliyetegemezwa vizuri ndiye baadaye anayeweza kusimama mahali ambapo neno la watu limeoza, kwa sababu anaijua ladha ya neno zima na hakubali kudanganywa kwamba dunia yote ndiyo hii.

Methali mbili tunazozitaja kila siku inafaa zisomwe pamoja. Subira yavuta heri, tunamwambia mtoto. Ahadi ni deni, tunaambiana wakubwa. Tunazitenganisha kana kwamba ya kwanza ni ya watoto na ya pili ni ya wenye madaftari ya mikopo. Kumbe ya kwanza haisimami bila ya pili. Heri haivutwi na subira tupu. Inavutwa na subira iliyofungwa kwenye deni la mtu anayelipa. Nyumba inayotaka mtoto mwenye kiasi ianze kuhesabu madeni yake ya midomoni. "Ngoja kidogo mwanangu" lisemwalo mara ishirini kwa siku bila mwisho wowote ni noti bandia. Mtoto anaipokea mara tatu, ya nne anaitupa na kulia, nasi tunamwita mkaidi. Mama anayechuuza samaki na kurudi usiku, baba anayetoka na karabai kuvua dagaa gizani, hawa hawawezi kuahidi mengi, wala hawahitaji. "Nikirudi nitakusikiliza ngonjera yako mara moja, kisha nalala," ni ahadi ndogo. Ikitimizwa kila siku inajenga kuliko baiskeli iliyoahidiwa tangu Krismasi. Kwenye sinia, mtoto afundishwe kungoja wakubwa wanawe mikono, naye aone kwamba finyango lake halikuliwa na aliyemtaka angoje. Simu ya katuni ikipangiwa nusu saa, iwe nusu saa siku ya furaha na siku ya kuudhiwa. Siyo dakika kumi mama akiwa na hasira na saa mbili mama akiwa na wageni. Na mkubwa akishindwa kutimiza, maana atashindwa, amwambie mtoto samahani kwa jina la kosa lenyewe na amlipe kesho yake. Nyumba masikini inaweza haya yote. Katika hili tajiri hana anachomzidi, ingawa sitasahau kwamba njaa na kodi ya nyumba huvunja ahadi za watu waaminifu, na lawama ya hapo haimwangukii mama peke yake.

Ndipo turudi uwanjani, kwa sababu sherehe ya shule ni ahadi ya kwanza kubwa ambayo mtoto hupewa na watu wasio wa nyumbani kwake. Siku ya wazazi, mahafali ya darasa la saba, mashindano ya michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, kwaya na ngoma za kufunga muhula: kwa wiki kadhaa mwalimu anamwambia fanya mazoezi, siku inakuja. Anaamini. Anakariri, anaamka mapema, anaosha sare, anazuia ulimi. Shule na kijiji vimekopa kwake. Sasa hesabuni namna tunavyolipa. Elimu ya msingi ni bila ada, lakini sherehe inakuja na mchango wa fulana, na mtoto ambaye kwao haukupatikana anatolewa kwenye safu aliyoizoea kwa mwezi mzima. Jaribio la Rochester limefanyika upya, safari hii mbele ya kijiji kizima, na hakuna aliyeandika matokeo. Fulana haichezi ngoma. Mtoto acheze na shati lake la shule, na kama halina kifungo, acheze hivyohivyo. Mzazi aliyesema atakuja, yeye pia yuko njiani kwenda kwenye biashara nyingine, na macho ya mtoto yanapita kwenye mabenchi, yanarudi, yanapita tena.

Halafu kuna mgeni rasmi. Ratiba imeandikwa saa nne asubuhi. Turubai imefungwa juu ya meza kuu, maji ya chupa yamepangwa, na watoto wamesimama juani tangu saa tatu wakiwa na njuga miguuni. Saa tano, bado. Saa sita, tunaambiwa yuko njiani. Wadogo wanaanza kuchuchumaa, njuga zinalia moja moja, na mwalimu wa zamu anawakemea kwa kukosa nidhamu. Katika uwanja ule wapo waliokosa nidhamu, lakini si wao. Wao ndio pekee walioitimiza ratiba. Kila dakika inayopita wanafundishwa kwa vitendo kwamba anayengoja ni mjinga na mkubwa ni yule asiyedaiwa. Nawaomba walimu wakuu, kamati za shule na wazazi wa Kisesa, wa Magu, wa Mwanza yote: ikifika saa nne na kiti cha mgeni kiko wazi, ngoma ipigwe. Atakayefika saa saba atawakuta watoto wakila, naye akaribishwe kwa heshima, akae, ale pamoja nao.